Nembo ya sweta inabanduka kila nikifua

SWALI: Kamwene fundi. Niko Mafinga. Mwanangu ameanza kidato cha kwanza na shule inataka nembo kwenye sweta, kifuani upande wa kushoto. Dukani waliniambia ni ya kubandika kwa pasi tu, haina haja ya kushona. Nikaibandika kwa pasi ya mkaa, ikashika vizuri. Nilipofua mara ya pili pembe zikainuka. Nikapiga pasi tena, ikashika, nikafua, ikainuka. Sasa sehemu ile ya sweta imelala na inang'aa. Kaka yake naye ana koti la mtumba la nailoni, akataka kuziba tundu kwa kiraka cha pasi, koti likajikunja palepale. Tatizo ni pasi, gundi au sabuni? Na kuna namna ya kuifanya ikae?

JIBU: Kamwene dada. Pole kwa sweta, na kijana wa koti naye mpe pole.

Sabuni yako haina kesi. Pasi ina kesi ndogo, ya joto. Kesi kubwa ni ile kauli ya dukani kwamba haina haja ya kushona. Kwenye sweta la shule gundi ya pasi inafanya kazi ya bandi, yaani mshono wa muda: inaishikilia nembo isisogee wala kwenda upande wakati unaishona. Kisha unaishona. Aliyekuuzia pengine hakukusudia kukudanganya, maana nembo hiyo hiyo ukiibandika kwenye shati la pamba au kwenye jinzi inaweza kukaa muda mrefu bila uzi hata mmoja, na huenda ndiko alikoiona ikikaa. Ila sweta ni habari nyingine, na nailoni ndiyo mbaya kuliko vyote.

Kwanza hakikisha kweli ulinunua nembo ya pasi. Chukua moja ambayo bado haijabandikwa, igeuze mgongo, ielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona utando mwembamba unaong'aa, hiyo ndiyo gundi. Ukiona kitambaa kigumu kisichong'aa, na nyuzi za kudarizi zimejitokeza kwa nyuma, hiyo ni ya kushona tu, na ukiipigia pasi mpaka usiku haitashika. Aina hizi mbili zinauzwa zimechanganywa kwenye meza moja, hapa Mwanjelwa, Mbeya, naziona hivyo kila mara, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui tofauti. Ukiwa na shaka, weka pembe ndogo ya nembo juu ya kitambaa chakavu cha pamba, ikandamize kwa pasi sekunde chache, halafu ivute ingali ya moto. Ikivuta kitambaa, ina gundi. Yako ilishika, kwa hiyo ilikuwa nayo.

Gundi yenyewe ni plastiki. Ikiwa baridi ni ngumu na kavu. Ikipata joto inayeyuka na kuzama katikati ya nyuzi za kitambaa. Ikipoa inaganda humo humo. Hakuna kinachokauka wala kukomaa, ni kuyeyuka na kuganda tu, na chochote kitakachoiyeyusha tena kinaweza kuibandua tena. Kwa hiyo unapobandika unahitaji joto la kutosha, mkandamizo wa kutosha na muda wa kutosha, vyote kwa wakati mmoja. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulivuka: kuiacha ipoe kabisa. Mtu akishaondoa pasi, kidole cha kwanza kinakwenda kwenye ukingo kujaribu kama imeshika. Hapo gundi bado ni uji. Ukiinua pembe hata kidogo umeshaitenganisha na kitambaa, na itaganda hivyo hivyo ikiwa imejitenga. Iache mahali pake, usiiguse, mpaka ukiweka nyuma ya mkono husikii joto.

Sasa sweta. Masweta mengi ya shule yanayouzwa kwetu ni ya akriliki, uzi wa kiwandani unaofanana na sufu kwa macho lakini haufanani nayo mbele ya moto. Ndani ya nguo, kwenye lebo ndogo, kuna mchoro wa pasi wenye nukta. Nukta moja maana yake pasi isizidi nyuzijoto 110 hivi, nukta mbili 150 hivi, nukta tatu 200 hivi. Akriliki kwa kawaida ni ya nukta moja. Nembo nyingi za pasi zinataka nyuzijoto 150 hivi ili gundi izame vizuri. Unaona hesabu inavyogoma: joto linaloitosha gundi linaliua sweta, na joto linalolifaa sweta linaiacha gundi nusu mbichi. Mara ya kwanza gundi yako ilishika juu juu, ndiyo maana pembe ziliinuka. Ukarudia, pengine mkaa ukiwa umekolea zaidi, gundi ikashika kidogo lakini sweta likalala. Huko kulala na kung'aa ni uzi wenyewe: umelainika, umekandamizwa, umekuwa bapa. Haurudi. Usihangaike kulifukizia mvuke wala kulipiga brashi, utalipanua bure.

Wapo watakaokuambia gundi ilikuwa hafifu, ununue nembo ya bei kubwa zaidi. Mimi sikubaliani nao. Hata ukipata gundi bora kuliko zote, sweta linavutika na nembo haivutiki. Kila asubuhi kijana anapopitisha kichwa, kifua cha sweta kinatanuka kulia na kushoto, nembo imekaa vilevile, na ugomvi wote unatua kwenye kingo. Tena kingo ndipo gundi ilipo haba, kwa sababu nembo nyingi zimezungushiwa uzi mnene ukingoni, na uzi huo unauinua utando wa gundi usigusane vizuri na nguo. Juu ya hayo, sweta lina vinyweleo. Bandua nembo yako uitazame mgongo. Utakuta imejaa manyoya ya rangi ya sweta. Gundi haikuachia, ilishika manyoya ya juu mpaka mwisho, na manyoya yaling'oka kutoka kwenye uzi. Ndiyo maana sabuni nimeiondoa kwenye kesi mapema.

Kwa sweta lako, fanya hivi. Tafuta kipande cha kitambaa kizito cha pamba, kaki au jinzi nyepesi, chenye rangi inayokaribiana na ya sweta. Fundi yeyote ana vipande vya namna hiyo chini ya meza, mwombe. Kifue, kikauke, kinyooshe. Bandika nembo juu ya kipande hicho kwa joto lote linalotakiwa, maana pamba inavumilia. Kama nembo ya sasa gundi yake imejaa manyoya, nunua nyingine, au acha gundi kabisa uishone juu ya kipande. Ikishapoa, kata kipande kikubwa kuliko nembo kwa sentimita moja na nusu kila upande, pembe uzikate kwa mviringo, kunja kingo kwenda nyuma na upige bandi. Sasa una nembo yenye fremu nyembamba ya kitambaa, na fremu hiyo ndiyo itakayofunika sehemu iliyolala. Kama eneo linalong'aa ni kubwa kuliko fremu, ongeza upana. Baadhi ya shule ni kali kuhusu mwonekano, kwa hiyo rangi ya kipande ifanane na sweta kadiri inavyowezekana. Ikifanana, mwalimu wa zamu hataona kitu.

Kipande hicho unakishona kwa mkono. Laza sweta mezani, lisivutwe, na ndani yake ingiza daftari lenye jalada gumu ili sindano isikamate na mgongo wa sweta. Hilo huwapata hata wanaojua kushona, na wanaligundua wakati wa kuvaa. Tumia uzi wa poliesta, ule wa cherehani, uukunje mara mbili. Sindano ipite kwenye ukingo wa kipande, itoboe katikati ya uzi na uzi wa sweta bila kuukata, itokee milimita tatu mbele. Mishono iwe midogo na ya karibu, lakini uzi usiuvute ukakaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakaza kila mshono kana kwamba wanafunga gunia, nembo inakunjamana, na sweta likitanuka uzi unakatika. Acha kila mshono ulegee kidogo tu. Ukimaliza mzunguko, rudi nyuma mishono minne au mitano juu ya ile ya kwanza, kisha funga fundo kwa ndani.

Ukiona sweta ni jembamba na kifua kinaning'inia kwa uzito wa nembo, weka kitambaa chepesi cha pamba kwa ndani, ukubwa sawa na nembo, ushone vyote pamoja. Kwa mtoto mwenye ngozi inayowasha hilo linasaidia pia, maana mafundo hayagusi mwili.

Ukipeleka kwa fundi wa cherehani, mwombe aweke karatasi ya gazeti chini ya sweta wakati anashona. Meno ya cherehani yanalivuta sweta, mguu unalikandamiza, likitoka hapo limefanya mawimbi kuzunguka nembo. Karatasi inalizuia, na mwisho inachanwa na kutolewa. Fundi atakayekucheka kwa ombi hilo ama hajashona masweta mengi ama ana cherehani nzuri sana.

Nije kwenye pasi ya mkaa, maana umeitaja kwa sauti ya kujilaumu. Usijilaumu. Kwa kazi ya kubandika, pasi ya mkaa inaizidi ya umeme kwa mambo mawili. Ni nzito, kwa hiyo mkandamizo unapatikana bila kuilalia. Na kitako chake ni bapa tupu, hakina matundu ya mvuke. Pasi za umeme zenye matundu zinaacha madoa ya baridi pale tundu lilipo, inabidi uisogeze kidogo katikati ya kazi. Inachokosa ni kipimo cha joto. Kwa hiyo kipimo ni wewe.

Mkaa ukolee wote mpaka uwe mwekundu wenye jivu jeupe, moshi uishe, ndipo ufunge mfuniko. Kung'uta jivu nje, mbali na nguo. Kisha weka pasi juu ya kitambaa cheupe cha pamba, hesabu mpaka kumi taratibu, inua. Kitambaa kikigeuka njano au kahawia, ni kali mno: iweke pembeni juu ya bati kwa muda, ujaribu tena. Kikibaki cheupe na ukikigusa kinachoma kidole, unaweza kuanza kazi ya pamba. Kwa akriliki au poliesta, ingoje zaidi. Usitumie njia ya kutemea mate au kunyunyizia maji peke yake. Maji yatachemka na kukauka kwenye pasi yenye joto la kiasi na kwenye iliyo kali zaidi, na wewe unahitaji kujua ipi ni ipi.

Tukuyu na kwingineko kwenye migomba, watu wanasugua pasi ya moto kwenye jani la mgomba ili iteleze. Ni desturi nzuri kwa kunyoosha. Kwa kubandika ina kasoro moja: jani lina nta, nta inabaki kwenye kitako, inahamia kwenye nguo, na gundi haipendi nta. Ukiwa umetumia jani, futa pasi kwa kitambaa kikavu mara kadhaa kabla ya kuigusisha na kazi hii. Na fungua mlango au dirisha. Najua baridi ya Mafinga na Makambako mwezi wa saba, lakini mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kazi ya pasi inakuweka hapo muda mrefu.

Kwenye jinzi na kaki kazi ni rahisi na gundi inakaa kweli, ila kuna mtego mmoja kwenye nguo mpya. Suruali mpya ya kaki inatoka dukani ikiwa na wanga ndani yake, ndio unaoifanya isimame vile. Ukibandika juu ya wanga, gundi inashika wanga. Ukifua, wanga unaondoka na nembo inaufuata. Kwa hiyo nguo mpya ifuliwe kwanza, bila dawa ya kulainisha nguo, ikauke kabisa. Halafu tandika meza kwa blanketi jembamba lililokunjwa mara moja na shuka juu yake. Godoro ni laini mno, mkandamizo wote unamezwa. Pasha moto sehemu ya nguo yenyewe kwa pasi sekunde kumi, unyevu utoke. Weka nembo, ifunike kwa kitambaa cheupe cha pamba, kandamiza sekunde 30 bila kusugua mbele na nyuma. Pasi inayotembea inaisogeza nembo na kuikunja gundi. Nembo ikiwa kubwa kuliko pasi, inua uweke upande wa pili, sehemu zipishane kidogo. Kisha geuza nguo ndani nje na ukandamize tena kwa nyuma sekunde 30, safari hii ukiwa umeweka taulo chini, ili ule uzi mnene wa ukingoni uzame kwenye taulo na kingo zipate joto. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayotofautisha nembo inayokaa na isiyokaa, na kwenye karatasi za maelekezo haipo kila mara.

Kama unaziba tundu, kiraka kizidi tundu kwa sentimita moja na nusu kila upande, pembe zote ziwe za mviringo, na chini ya tundu uweke karatasi, la sivyo gundi itapenya na kushika upande wa pili wa mguu wa suruali. Magotini na makalioni shona ukingo hata kama ni jinzi. Goti linakunjwa siku nzima.

Kwa nguo ya mtumba iliyokatwa lebo, chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, ushike kwa kibano, uuchome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Poliesta na nailoni zinayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Akriliki inawaka kwa moshi mweusi na kuacha donge jeusi linalovunjika. Ukiona kishanga au donge, pasi kali weka mbali.

Kufua hakuna siri nyingi. Ngoja siku nzima baada ya kubandika. Geuza nguo ndani nje. Maji yawe baridi au ya uvuguvugu. Usiloweke kwenye maji ya moto. Hapa Mbeya, kwa kuwa tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 au 95, na kuna wanaodhani hilo linayafanya yasiwe na madhara. Gundi za bei ndogo zinalainika kabla ya kufika hapo. Usisugue nembo kwa brashi, sugua kuizunguka. Kukamua ndiko kubaya zaidi: mtu anashika sweta huku na huku na kulisokota, nembo ikiwa katikati ya msokoto. Likandamize kwa viganja maji yatoke, au lizungushie taulo kavu ulikandamize humo, ulitandaze lilale. Jiki isiguse sufu wala nailoni, na nyuzi za nembo zinaweza kupauka.

Ila adui mkubwa wa nembo huku kwetu nyanda za juu ni kiangazi cha baridi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane nguo nzito haikauki kwa siku moja, Njombe na Makete ndiyo usiseme. Jumapili jioni sweta bado bichi, shule ni kesho, basi linatundikwa juu ya jiko, au linapigwa pasi likiwa bichi ili likauke. Vyote viwili vinaibandua nembo. Jiko linailainisha gundi huku sweta likining'inia kwa uzito wa maji. Pasi juu ya nguo mbichi inatoa mvuke, mvuke unaingia chini ya nembo na kuisukuma juu. Unaona vipovu? Ndio huo. Kama ni lazima ukaushe usiku, litandaze kwenye kiti ndani ya chumba chenye joto, mbali na moto, na asubuhi mtoto avae shati la ziada ndani. Afadhali masweta mawili ya kawaida kuliko moja la gharama, kama uwezo upo. Hilo nawaambia wazazi wote wanaokuja dukani, na si kwa sababu nauza masweta. Siuzi.

Siku ya kunyoosha, sweta lenye nembo lisipigwe pasi juu ya nembo. Shati au suruali, geuza ndani nje, pasi ipite kwa nyuma. Pembe ikianza kuinuka, usingoje ifike katikati: pamba ipige pasi upya kwa nyuma na iache ipoe chini ya kitabu kizito, sweta ishone. Mchanga na sabuni vikishaingia chini ya gundi haishiki tena hata uichome.

Kutoa nembo ya zamani ni kwa joto vilevile. Pasha juu ya kitambaa mpaka gundi ilainike, anza pembeni kwa kibano, vuta taratibu ikiwa moto, pasha tena inapogoma. Gundi iliyobaki kwenye nguo iwekee kitambaa cha pamba kisicho na thamani juu yake, piga pasi, kivute kingali moto. Gundi itahamia humo. Badilisha kitambaa mara mbili tatu. Hii ni kwa pamba. Kwenye sweta la akriliki usijaribu, kata gundi kwa mkasi mdogo pamoja na vinyweleo vilivyoshikwa na funika kwa fremu niliyokueleza.

Limebaki koti. Nailoni nyingi za makoti haya ni za nukta moja, na kitambaa chake ni chembamba kuliko karatasi, hakina mahali pa kulificha joto. Nyingi pia zimepakwa dawa ya kuzuia maji kwa nje, na dawa hiyo inakataa gundi hata ungekuwa na pasi ya joto sawasawa. Pale palipojikunja pamekufa. Kata sehemu yote iliyokakamaa, maana ukiiacha itamkwaruza na itachanika pembezoni.

Kwa kiraka, tafuta mwavuli uliovunjika. Kitambaa cha mwavuli ni chepesi, hakipitishi maji kirahisi, na mweusi unaendana na makoti mengi ya bodaboda ninayoyaona Uyole asubuhi za baridi. Kata kipande kinachozidi tundu kwa sentimita mbili, pembe za mviringo, kunja ukingo. Usitumie pini nyingi: kila tundu kwenye nailoni linabaki. Shika kwa bandi chache, shona kwa sindano nyembamba kabisa na uzi wa poliesta, mshono mmoja kuzunguka ukingo, basi. Ukirudia mara mbili tatu utakuwa umeitoboa nailoni kama stempu na itachanika kwenye mstari huo. Kama koti lina pamba ya ndani na imetoka, irudishe na uitandaze kabla ya kufunga. Mwisho sugua kipande cha mshumaa juu ya mstari wa mshono, kwa nje, upapase kwa kidole mpaka nta iingie kwenye matundu ya sindano. Mvua ya manyunyu haitapita hapo. Mvua kubwa itapita, na nta itaisha baada ya kufua mara chache, usugue tena.